Kifua Kinapiga Mluzi: Nini Kiandikwe kwenye Faili, na Msimbo Upi Ufuate

Fungua faili lolote la mgonjwa aliyefika akihema kwa shida, na si ajabu ukakuta maelezo ya namna hii: "Kifua kinapiga mluzi. Amepewa mvuke. Nafuu. Ameruhusiwa." Daktari ameshamaliza kazi yake na mgonjwa ameshaondoka anapumua vizuri. Anayebaki na kitendawili ni mtunza kumbukumbu. Hakumwona mgonjwa, hakusikiliza kifua, lakini yeye ndiye anayetakiwa kuyageuza maneno hayo machache kuwa msimbo, yaani herufi na namba zinazosimamia ugonjwa au dalili, utakaokwenda kwenye madai ya bima, kwenye takwimu za afya na kwenye historia ya mgonjwa huyo kwa miaka mingi. Aweke R06.2, ambayo ni mluzi basi? J45, ambayo ni pumu? J21, ambayo ni bronkiolaitisi, uvimbe wa njia ndogo za hewa? Maelezo hayamwambii, na kwa taratibu za kazi yake haruhusiwi kukisia kwa niaba ya daktari.

Chanzo cha mkanganyiko ni kwamba mluzi ni sauti. Magonjwa mengi huutoa, na baadhi yake hayana hata asili ya mapafu. Mfumo wa misimbo umeipa sauti mahali pake na ugonjwa mahali pake, kisha ukaweka masharti makali kuhusu lini viwili hivyo vikae pamoja. Mtu asiyejua masharti hayo hukosea kwa namna mbili: ama anaandika ugonjwa ambao haujathibitishwa, ama anabaki kwenye sauti wakati ugonjwa umeshajulikana. Kosa la pili huonekana dogo, lakini nalo lina gharama yake.

Sauti yenyewe

Njia za hewa zikibana, kwa sababu misuli yake imekaza, ukuta umevimba au makohozi yamejaa, hewa hulazimika kupita mahali pembamba na kuta zikatetemeka. Mtetemo huo ndio mluzi. Kwa kawaida husikika zaidi mtu anapotoa pumzi, kwa kuwa njia za hewa zilizo ndani ya kifua husinyaa wakati huo. Tangu René Laennec alipobuni stetoskopu mjini Paris mwaka 1816, madaktari wamekuwa wakizipanga sauti za kifua kwa makundi, na hadi leo hawakubaliani kwa kila jina. Kwa mtunza misimbo, tofauti moja lazima ieleweke: sauti kali inayosikika wakati wa kuvuta pumzi, ikitoka kwenye koo au bomba kuu la hewa, ina msimbo wake, R06.1, na huashiria matatizo mengine kabisa. Daktari anayeandika "pumzi ina sauti" bila kusema wakati wa kuvuta au wa kutoa, amefunga milango yote miwili kwa pamoja.

Kuna mtego mwingine, na huu ni wa hatari kwa mgonjwa kabla hata ya kufika kwa mtunza kumbukumbu. Mtu mwenye shambulio kali sana la pumu anaweza asitoe mluzi wowote. Hewa inayopita ni kidogo mno hata haitikisi kuta. Kifua kimenyamaza, na ukimya huo ni dalili mbaya kuliko kelele. Kwa hiyo maneno "hakuna mluzi" yakisimama peke yake hayana maana moja. Yanaweza kuwa na maana kwamba mgonjwa amepona au kwamba anaelekea kuzimika. Daktari makini huandika pia jinsi hewa inavyoingia pande zote mbili, kiwango cha oksijeni, na kama mgonjwa anaweza kumaliza sentensi bila kusimama kuvuta pumzi.

Nyumba ya R na nyumba ya J

Misimbo tunayoizungumzia inatoka kwenye Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, maarufu kwa kifupi cha ICD. Mizizi yake ni orodha ya vyanzo vya vifo iliyoandaliwa na Mfaransa Jacques Bertillon na kuwasilishwa mwaka 1893. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipoichukua mwaka 1948, katika toleo la sita, likaongeza magonjwa yasiyoua. Toleo la kumi, ICD-10, liliidhinishwa mwaka 1990, na nchi mbalimbali zimekuwa zikilitumia kwa kasi zao tofauti. Marekani, kwa mfano, ilihamia kwenye toleo lake ililolitanua, ICD-10-CM, tarehe 1 Oktoba 2015. ICD-11 ilipitishwa mwaka 2019 na kuanza rasmi tarehe 1 Januari 2022, ingawa sehemu nyingi bado zinafanya kazi na ile ya kumi.

Katika ICD-10, magonjwa ya mfumo wa upumuaji yamepewa herufi J. Herufi R ni ya dalili, ishara na matokeo ya vipimo yasiyo ya kawaida ambayo hayajapata jina la ugonjwa. Ndani ya R kuna kundi la R06, matatizo ya upumuaji, na ndani yake mluzi umepewa R06.2. Kikohozi kipo jirani, R05.

Watu wengi hulidharau kundi la R, kana kwamba ni jalala la wagonjwa walioshindikana kueleweka. Sikubaliani nao. Mtu amefika usiku, kifua kinapiga mluzi kwa mara ya kwanza maishani, hana homa, hana historia yoyote, amepewa dawa ya kupanua njia za hewa akatulia, na daktari amemwambia arudi kliniki akapimwe. Kufikia saa hiyo hakuna anayejua ana nini. R06.2 ndiyo kauli ya kweli kuhusu ziara hiyo, na miongozo yote ya misimbo inairuhusu: pale ziara inapokwisha bila utambuzi uliothibitishwa, dalili iliyomleta mgonjwa ndiyo inayopewa msimbo.

Mambo hubadilika daktari akishataja ugonjwa. Kanuni ya jumla ni kwamba dalili ambayo ni sehemu ya kawaida ya ugonjwa uliotajwa haipewi msimbo wa ziada. Pumu na mluzi ni mfano unaopendwa kufundishia: ukiandika J45, R06.2 inaondoka, kwa sababu kusema mgonjwa wa pumu ana mluzi ni kurudia jambo lile lile. Toleo la Marekani limeliweka wazi kabisa kwa alama ya kutenga chini ya R06.2, inayokataza msimbo huo kuandikwa pamoja na J45 katika ziara moja. Ukizipeleka zote mbili, programu ya bima huwa ya kwanza kukurudishia madai.

Dalili isiyo ya kawaida kwa ugonjwa uliotajwa, kwa upande mwingine, huandikwa. Mgonjwa aliyelazwa kwa nimonia, J18.9, na daktari akaeleza kwamba ana mluzi pande zote unaohitaji matibabu yake peke yake, ana hoja ya kupata misimbo miwili, maana nimonia nyingi hazipigi mluzi. Hapa ndipo watunza kumbukumbu hubishana, na ubishi huo hauishi kwa kusoma kanuni peke yake. Hutegemea kama daktari ameeleza kuwa mluzi ulikuwa jambo la kushughulikiwa au ulitajwa tu kwa kupita.

"Huenda ni pumu"

Neno moja linaloleta taabu kuliko yote ni "huenda". Pamoja nalo kuna ndugu zake: "inashukiwa", "yawezekana", "kuondoa uwezekano wa". Daktari anapoandika "huenda ni pumu", je, msimbo ni wa pumu au wa mluzi?

Jibu linategemea unatumia kanuni za nani, na hapa matoleo yanaachana njia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa ICD-10 unasema kwamba ikiwa huduma imekwisha na hali kuu bado imeandikwa kama inayoshukiwa, bila maelezo mengine, basi ugonjwa unaoshukiwa hupewa msimbo kana kwamba umethibitishwa. Marekani imekigawa kisa hiki vipande viwili. Mgonjwa aliyelazwa, akaruhusiwa huku utambuzi ukiwa bado na "huenda", anapewa msimbo wa ugonjwa wenyewe. Mgonjwa wa nje, aliyekuja kliniki akaondoka siku hiyo hiyo, haruhusiwi kupewa: kwake msimbo unabaki kwenye kile kilichojulikana kwa hakika, yaani mluzi. Sababu inayotolewa ni kwamba mgonjwa aliyelazwa amechunguzwa na kutibiwa kana kwamba ana ugonjwa huo, na gharama zake zimekuwa za ugonjwa huo.

Mtu aliyejifunza kazi kwa kanuni za upande mmoja kisha akahamia kwa mwingine atakosea kwa nia njema kabisa. Ndiyo maana kabla ya kubishana kuhusu msimbo wa mgonjwa ni vyema kuuliza kwanza: tunafuata mwongozo upi, na mgonjwa huyu alilazwa au hakulazwa?

Ushauri kwa daktari ni mfupi. Kama una uhakika, ondoa "huenda". Kama huna, iache palepale, usiifute ili kumfurahisha mtu wa bima.

Mtoto mmoja, misimbo mitatu

Hakuna mahali ambapo mluzi una utata kama kwa watoto wadogo. Chukua mtoto wa miezi 14. Ana mafua kwa siku tatu, homa kidogo, na leo asubuhi mama yake amemsikia akipiga mluzi. Anapumua mara 54 kwa dakika. Mluzi unasikika pande zote mbili. Ananyonya, ingawa kwa kukatiza. Hajawahi kuwa na hali hii.

Mwongozo wa WHO na UNICEF wa kuhudumia watoto wagonjwa, IMCI, unahesabu pumzi kuwa za haraka zikifika 50 kwa dakika kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, na 40 kwa mtoto wa miezi 12 hadi 59. Kwa hiyo mtoto wetu anapumua haraka, na mwongozo unaiweka pumzi ya haraka na kikohozi kwenye kundi la nimonia. Lakini mwongozo huo huo unajua kwamba mluzi unaweza kudanganya. Unaelekeza mtoto mwenye mluzi na pumzi za haraka, au mwenye kifua kinachobonyea ndani, apewe kwanza dawa ya kuvuta ya kupanua njia za hewa, hadi mara tatu kwa kupishana dakika 15 hadi 20, kisha pumzi zihesabiwe upya. Ni baada ya hesabu ya pili ndipo anapopangwa kwenye kundi.

Tuseme baada ya dawa pumzi zimeshuka hadi 36. Sasa soma hitimisho tatu ambazo madaktari watatu tofauti wangeweza kuandika. Wa kwanza: "Nimonia." Msimbo ni J18.9, na huenda mtoto amekwenda nyumbani na antibaiotiki asizozihitaji. Wa pili: "Bronkiolaitisi kali ya ghafla." Msimbo ni J21.9, au J21.0 kama kipimo kimeonyesha virusi vya RSV, na mluzi hauandikwi pembeni kwa kuwa ni sehemu ya ugonjwa. Wa tatu: "Mluzi wa mara ya kwanza wakati wa mafua, umetulia kwa dawa, arudi baada ya siku mbili." Msimbo wa mluzi ni R06.2, na mafua yanapata wake.

Mtoto ni yule yule, kifua ni kile kile. Mtunza kumbukumbu hawezi kusahihisha lolote kati ya hayo matatu, hata kama kwenye ukurasa wa nyuma anaona ile hesabu ya 36 na anashangaa nimonia imetoka wapi. Anachoweza ni kumwuliza daktari. Nadhani ni kwa watoto hawa hasa ndipo hesabu ya pili ya pumzi ingepaswa kuwa na nafasi yake kwenye fomu, sanduku lenye jina na saa, maana ikikosa mahali pa kuandikwa mara nyingi haifanywi.

Na kwa nini daktari wa tatu hakuandika pumu? Kwa sababu watoto wengi wenye umri chini ya miaka mitano hupiga mluzi wakati wa mafua na wengi wao huacha wakikua. Kipimo cha kupuliza kwenye spirometa, kifaa kinachopima hewa anayotoa mtu, ambacho kwa mtu mzima kingesaidia, mtoto wa miezi 14 hawezi kukifanya. Pumu katika umri huo hutambuliwa kwa mtiririko wa matukio: mluzi unaorudi, unaokuja hata pasipo mafua, usiku, akicheka au kukimbia, kwa mtoto mwenye ukurutu au mzazi mwenye pumu. Ziara moja haitoshi, ila ziara tano zilizoandikwa vizuri zinatosha. Zikiandikwa zote "kifua, mvuke, nafuu", ziara ya sita itaanza upya kana kwamba mtoto hajawahi kuonekana.

Kuna madaktari wanaokwepa neno pumu kwa kuandika maneno laini zaidi, kama "njia za hewa zenye kuchokozeka kirahisi". Wanafanya hivyo kwa huruma, ili mtoto asibebeshwe jina zito mapema. Kinachowashangaza wengi ni kwamba faharasa ya ICD-10-CM, ukilitafuta jina hilo la ugonjwa, inakuelekeza moja kwa moja kwenye pumu. Daktari alikusudia kuacha mlango wazi, na kompyuta imeufunga. Kama hujaamua, "mluzi" ni neno la kweli na salama zaidi kuliko jina la kubembeleza.

Kwa watu wazima

Mtu mzima mwenye pumu inayojulikana huhitaji maelezo mengine. ICD-10 ya WHO inaigawa J45 kwa asili yake, ya mzio, isiyo ya mzio, au mchanganyiko, na kulipatia shambulio kali lisilotulia msimbo wa pembeni, J46. Toleo la Marekani limeachana na mgawanyo huo. Linauliza ukali wa pumu kwa ujumla: hafifu ya vipindi, hafifu ya kudumu, ya wastani ya kudumu, au kali ya kudumu. Kisha linauliza leo kuna nini: imetulia, imechachamaa, au ni shambulio lisiloitikia dawa. Ndiyo maana J45.41 ni pumu ya wastani ya kudumu iliyochachamaa, na J45.901 ni pumu isiyoelezwa ukali wake, nayo imechachamaa.

Watu huchanganya maswali hayo mawili. Mtu mwenye pumu hafifu ya vipindi anaweza kupata shambulio baya leo, na msimbo wake upo, J45.21. Daktari aliyeandika "pumu kali" akimaanisha kwamba leo mgonjwa amezidiwa, bila kusema hali yake ya siku zote, amemwacha mtunza kumbukumbu njia panda: neno "kali" linasimamia lipi?

Kwa mvutaji wa sigara wa miaka mingi, au aliyepika kwa kuni ndani ya nyumba isiyo na hewa, mluzi unaweza kuwa wa ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa, J44. Hapa spirometa ndiyo yenye neno. Hewa anayotoa katika sekunde ya kwanza ikigawanywa kwa hewa yote aliyopuliza, na jibu likabaki chini ya 0.70 hata baada ya dawa ya kupanua, kizuizi hicho hakijaondoka na J44 ina msingi. Kwa upande wa pumu, ongezeko la hewa hiyo ya sekunde ya kwanza kwa asilimia 12 na mililita 200 baada ya dawa limekuwa kipimo kinachotumiwa sana kwa watu wazima. Tarakimu hizo zikiwekwa kwenye faili, ukaguzi wa bima huisha haraka. Na wapo wenye yote mawili, ambao kanuni za Marekani zinaruhusu J44 iandikwe pamoja na aina ya pumu, mradi daktari ameyataja yote.

Halafu kuna moyo. Moyo ukishindwa kusukuma damu, maji hujaa mapafuni, njia za hewa huvimba, na mgonjwa huamka usiku wa manane akipiga mluzi kama mtu wa pumu. Madaktari wa zamani waliiita hali hiyo pumu ya moyo, na wengine bado wanaandika hivyo. Mtunza kumbukumbu mgeni akiona neno pumu atakimbilia J45. Mahali pake sahihi ni I50.1, kushindwa kwa upande wa kushoto wa moyo. Katika takwimu, kosa hilo linamhamisha mgonjwa wa moyo hadi wodi ya kifua.

Orodha ya vyanzo vingine ni ndefu na nitaipitia kwa haraka. Mluzi wa upande mmoja tu, ulioanza ghafla kwa mtoto aliyekuwa akila karanga, ni kitu kilichokwama mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kikishaonekana kwenye bronkasi, tawi kubwa la njia ya hewa, msimbo ni wa T17.5. Mzio mkali wa mwili mzima, moshi wa moto au kemikali, uvimbe unaobana njia ya hewa, na nyuzi za sauti zinazojifunga zisipotakiwa, vyote vina misimbo yao mbali na R06.2.

Maelezo yanayojitosheleza

Sifikirii kwamba daktari anahitaji kuandika zaidi. Anahitaji kuandika vitu vichache vinavyobeba uzito. Linganisha yale maneno ya "mluzi, mvuke, nafuu" na haya:

"Miaka 34. Mluzi wakati wa kutoa pumzi, pande zote, tangu jana usiku. Ni mara ya nne mwaka huu, zote baada ya vumbi. Pumu tangu utotoni, hutumia dawa ya kuzuia kila siku kwa kipimo cha kati, huamka usiku mara moja kwa wiki. Oksijeni 93, imepanda hadi 97 baada ya salbutamoli mara mbili. Hakuna homa, moyo sawa. Pumu ya wastani ya kudumu, imechachamaa."

Hayo huandikwa kwa dakika moja na nusu, na mtunza kumbukumbu hana la kuuliza. Anaona J45.41 imejiandika yenyewe. Angalia pia kwamba mluzi umetajwa, ingawa hautapata msimbo. Kutajwa kwake ni ushahidi wa utambuzi, na mkaguzi akija ndicho kitu cha kwanza atakachotafuta.

Mstari wa mwisho ndio muhimu zaidi. Madaktari wengi huandika dalili zote vizuri kisha wakakosa kuandika hitimisho, wakidhani kila asomaye ataliona. Mtunza kumbukumbu haruhusiwi kuliona. Hata akikuta salbutamoli ya kupanua njia za hewa, pamoja na dawa ya kuzuia na spirometa iliyojaa ushahidi, hawezi kuandika pumu kama daktari hakuiandika. Dawa hiyo hiyo hutolewa kwa J44, kwa bronkaitisi, na mara nyingine kwa majaribio.

Akikwama, njia yake ni kumwandikia daktari swali, na swali lina adabu zake. "Daktari, naomba uthibitishe kwamba hii ni pumu" ni swali linaloongoza, na mahali penye ukaguzi mkali linaweza kuonekana kama kutengeneza utambuzi kwa ajili ya malipo. Swali zuri hutaja yaliyomo kwenye faili na kuacha nafasi: "Faili linaonyesha mluzi pande zote, oksijeni 93 na salbutamoli mara mbili. Je, kuna utambuzi unaoeleza hali hii? Kama hauwezi kubainishwa kwa sasa, tafadhali eleza hivyo." Jibu la daktari huingia kwenye faili likiwa na tarehe na jina lake, kwa sababu bila kuingia humo halihesabiki.

Shinikizo la fedha lipo, na si vyema kujifanya halipo. Marekani, kwa mfano, mgonjwa aliyelazwa ambaye msimbo wake mkuu ni R06.2 huangukia kundi la malipo la 204, la dalili za upumuaji, wakati pumu huenda 202 au 203. Utawala wa hospitali unapenda kundi lenye maelezo mengi. Bima inapenda kuona kwamba maelezo hayo yana mizizi kwenye vipimo. Katikati yao yupo mtunza kumbukumbu, na kinga yake pekee ni maandishi ya daktari.

Rekodi za kompyuta zimeongeza tatizo jipya. Neno pumu likishaingizwa mara moja kwenye orodha ya matatizo ya mgonjwa, hunakiliwa ziara baada ya ziara bila mtu kuuliza lilitoka wapi. Mtoto aliyepiga mluzi mara mbili akiwa na mwaka mmoja anafika miaka 11 akiwa bado "mgonjwa wa pumu", na kila fomu ya shule au ya bima inarudia hivyo. Daktari anayelikuta neno hilo bila ushahidi nyuma yake ana haki ya kulihoji, na ana haki ya kuliondoa akiandika sababu.

ICD-11 imebakisha mgawanyo ule ule wa dalili na ugonjwa, kwa namba mpya: pumu ipo CA23, ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa upo CA22, na matatizo ya upumuaji, mluzi ukiwemo, yapo MD11. Kinachoongezeka ni uwezo wa kuunganisha misimbo, ili ugonjwa ukae pamoja na ukali wake au kisababishi chake katika mfululizo mmoja. Uwezo huo hautamsaidia mtu ambaye faili lake limeandikwa "nafuu" na kufungwa.

Swali moja huulizwa sana na walioanza kazi karibuni. Mgonjwa aliyepewa R06.2 mwezi uliopita amerudi, amepimwa, na sasa ana pumu iliyothibitishwa. Je, turudi tukabadilishe msimbo wa ziara ya kwanza? Hapana. Siku ile hakuna aliyejua, na msimbo wa ziara ya nje hueleza kilichojulikana siku ya ziara. Ziara ya kwanza inabaki R06.2. Ya leo inapata J45, na daktari anaandika kwamba mluzi wa mwezi uliopita, kwa jinsi anavyouona sasa, ulikuwa mwanzo wake.